Nenosiri la Kila Jumapili

24 Novemba 2024, Jumapili. Kilomita 94, barabara ya Kasenga

Nimefika jana nimekaa juu ya mifuko ya saruji, mvua ikininyeshea njia nzima, na leo kiuno hakinisamehe. Naandika katika daftari la wanafunzi kwa sababu yamenibakia mengi tangu shule yetu ya Annexe, Lubumbashi, ifungwe. Miaka ishirini na sita nilifundisha watoto kusoma na kuandika, hadi sisi walimu tukachoka kufanya kazi ya bure. Sasa naitwa magasinier. Nachunga misumari, saruji, mazut ya malori na mashine, na vyombo vya kazi, na kila kinachotoka ghalani naandika jina la aliyekichukua.

Hapa kunajengwa upya daraja ambalo mto ulilibeba mwaka jana. Mwenye kazi ni Bwana Paluku, mtu wa Butembo, huko Kivu. Ana dépôt, ghala la unga, mtaa wa Bel-Air kule Lubumbashi, ana malori, ana nyumba Karavia kwa matajiri. Hapa analala katika kontena kama sisi na anakula bukari yetu, ugali wa mahindi, kusudi tumpende. Mimi nimemwona tu anavyotembea, mikono nyuma kama inspekta wa shule, roho ikamkataa.

Mtandao wa simu hakuna kabisa. Nilipanda juu ya kichuguu nikainua simu hadi mkono ukafa ganzi. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu Rodrigue hunipigia kila Jumapili. Ni mwanangu wa pekee, ana miaka ishirini na minne, yuko Goma anatengeneza malori katika gereji. Watu wa Butembo ndio waliomwambia kule kuna kazi. Leo amepiga bila shaka, na mama yake alikuwa juu ya kichuguu.

28 Novemba

Mvua. Saruji mifuko mitatu imeloa. Nimepiga kelele hadi sauti imekauka.

1 Desemba, Jumapili

Antena ya intaneti imefika. Lori lililoleta vyuma limeileta kutoka upande wa Zambia, sahani nyeupe yenye mguu mmoja, wameifunga juu ya kontena ya Paluku na waya mmoja mweusi unashuka ndani. Watu wote walikaa chini wakiiangalia utadhani itaanza kuhubiri.

Aliyehubiri ni Paluku. Jumapili anakusanya watu chini ya turubai, anaomba, anaimbisha, anafundisha, yote peke yake. Sikwenda. Princesse, mpishi wetu, hupenda kuimba na hakosi. Ndiye aliyeniletea habari. Antena haiwezi kubeba watu arobaini wanaoangalia muziki, kwa hiyo patron, huyo Paluku, ameweka nenosiri. Kila Jumapili atasoma maneno ya Biblia bila kusema yako wapi. Mwenye kusoma atafute mwenyewe. Jina la kitabu na sura yake, ndiyo code ya juma zima. Atakayempa mwenzake code atafunga mizigo yake aondoke.

Jioni alipita ghalani, mikono nyuma.

"Mama Virginie, ku maombi haukufika."

"Mi niko Mukatolika, patron. Kanisa yangu iko Lubumbashi."

"Mungu ni moya."

"Njo maana ananisikia hata humu mu magasin."

Hakucheka. Akaangalia rafu zangu, akaondoka. Nilimwomba Princesse anisimulie tu maneno yaliyosomwa, nikafungua Biblia yangu, sikumaliza hata dakika kumi. Waraka kwa Waroma, sura ya nane. Nikaandika, simu ikafunguka. Mtu ametaka kunifunga mlango kwa kitabu nilichokisoma kabla yeye hajaota meno.

2 Desemba

Jean-Claude, mkubwa wa waashi, amekuja na kofia mkononi. "Mwalimu, tupe sura." Yeye na waashi wake wanne ni Wakatoliki kama mimi, babu zetu wote waliletwa na reli kutoka upande wa Kabalo. Nyuma yake alikuwa mzee Kalaba, mlinzi wetu, Mbemba, mwenyeji wa huku huku. Nikawapa. Katazo la patron ni kwa wale waliosikia chini ya turubai, sisi hatukuwepo.

8 Desemba, Jumapili

Isaya. Rahisi. Nimeongea na Rodrigue dakika kumi na nne. Amekonda usoni, anasema ni simu yangu mbaya. Nikamgombeza juu ya nywele zake. Akacheka, akasema, "Mama, kelele yako inanipa afya."

Goma watu wanaongea vita kila siku, anasema, wamezoea. Nikamwambia arudi. Akasema mwezi wa tatu.

15 Desemba

Waebrania. Waashi wananiita Mama Code.

25 Desemba

Noeli ya matope. Princesse amepika kuku wawili kwa watu arobaini. Paluku aliomba dakika hamsini, nilihesabu kutoka ghalani. Rodrigue alipiga, nikamwonyesha daraja, nguzo ya kwanza imesimama. Akaniambia mwenye nyumba wake, mama Kahambu, amempikia. Nikauliza ni mtu wa wapi. "Wa Butembo, mama." Nikamwambia ale vizuri lakini asizoee.

5 Januari 2025, Jumapili

Mwaka mpya patron ameingia katika Zaburi. Princesse amenieleza: ni ile ya mtu anayejificha chini ya mabawa ya Mungu, mishale ikiruka mchana. Naijua, tunaisali kabla ya kulala. Kitabu changu cha misa kinasema 90. Nikaandika. Simu ikakataa. Nikaandika tena polepole. Ikakataa.

Waashi walisimama mlangoni wakingoja. Nikawaambia antena imelowa.

6 Januari

Antena haikulowa. Vijana wa patron wanaangalia mpira.

12 Januari, Jumapili

Zaburi tena, ile ya kiu ya paa anayetafuta maji. Namba 41. Nimeifundisha darasani. Simu imekataa mara sita. Jean-Claude akajaribu kwa simu yake, Kalaba kwa yake ndogo iliyopasuka kioo. Zote zilikataa.

"Mwalimu, hauwezi kukosea?" akauliza Jean-Claude, kwa heshima.

Nikamwambia mimi nilikuwa nafundisha namba wakati yeye bado anavaa suruali ya kaka yake. Sikosei. Kuna mtu anatuchezea. Desemba nzima tuliingia. Mara patron akajua kwamba Wakatoliki wanaingia bila kuja turubaini, na Januari milango imefungwa. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeona.

Kalaba akatikisa kichwa. "Bantu ba Butembo bako na akili."

Ni mimi niliyemwambia maneno hayo wiki iliyopita.

13 Januari

Mvua. Nguzo ya pili.

19 Januari, Jumapili

Zaburi. Imekataa. Juma la tatu sijasikia sauti ya mwanangu. Nimekula vibaya, nimempigia Princesse kelele bure, nikaomba msamaha, nikampigia tena.

Simu ya Princesse ni ya vibonyezo, haijui WhatsApp. Wengine wenye simu nzuri wanaokwenda turubaini ni watu wa Paluku, kutoka kwao. Kuwaomba wale, afadhali ninywe mazut.

23 Januari

Dereva wa lori amepita akasema huko Kivu mambo yameharibika, waasi wamekaribia Goma. Nimemuuliza mara tatu. Mara tatu akasema "wamekaribia".

26 Januari, Jumapili

Leo patron amesoma ile ya mtu anayelia kutoka shimoni, chini kabisa. Princesse alipoanza kuniambia nikamkatiza. Hiyo sihitaji kutafuta. Tuliisoma juu ya kaburi la mume wangu, na mimi ndiye niliyeshika kitabu. Namba 129. Naweza kuisahau namba ya nyumba yangu lakini si hiyo.

Imekataa.

27 Januari

Goma imeanguka. Asubuhi watu wa patron walikuwa wamesimama nyuma ya kontena yake, kila mmoja na simu sikioni, wengine wanalia wazi. Mimi nilikuwa natoa misumari ya inchi nne.

Watu wanangoja misumari mlangoni. Nitaandika baadaye.

28 Januari

Nimekwenda kwake. Nimevaa kitenge changu kizuri nikapiga hodi katika kontena. Alikuwa na simu mbili mezani na macho mekundu, hakunyoa ndevu.

"Patron, ninaomba code."

"Nilisoma mbele ya bantu bote Jumapili."

"Nilitafuta. Inakataa."

"Basi haukutafuta muzuri. Mama, we ni mwalimu. Mi nikikupa, kesho bantu makumi ine bako hapa ku mulango, na antena itakufa. Hii wiki zaidi ya zote." Simu moja ikalia, akainyakua na kunipa mgongo.

Sikumwambia kuhusu Rodrigue. Nisingemfanya mtu yule aone machozi yangu halafu aniambie tena nitafute vizuri. Nilirudi ghalani katika mvua, na njiani nilimchukia hadi nikaona giza. Watu wake wanaongea na Goma. Mimi, mama wa mtoto aliye Goma, naambiwa sijui kusoma.

30 Januari

Sijalala. Princesse analeta uji, anauondoa.

1 Februari

Kama mimi sina mtandao, kwa nini wao wawe nao? Nimeandika swali hili hapa nilione kwa wino. Bado linanipendeza.

2 Februari, Jumapili

Nimefanya.

Asubuhi mvua ilishuka kwa hasira. Wote walikuwa chini ya turubai wakiimba, na mvua iliimba kuwashinda. Waashi walilala. Kalaba alikuwa zamu, amesimama chini ya ukingo wa kontena, maji yanamshuka shingoni. Nikamwita ghalani, nikamwambia mzee, utakufa na kifua, kaa hapa unywe chai. Alinishukuru kwa mikono miwili. Nikamwekea sukari vijiko vitatu, nikatoka kwa mlango wa nyuma na koleo la kukatia waya, lile lenye mshiko mwekundu.

Ni waya mmoja tu. Nilifikiri utakuwa mgumu.

Niliporudi Kalaba bado alikuwa anapuliza chai. Nikafuta koleo, nikalirudisha msumarini. Sikuliandika kwenye kitabu cha ghala. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, nasema kweli, nilifurahi. Baada ya ibada nikasikia kelele zao, mmoja baada ya mwingine wakitoka nje na simu mkononi, na nikakaa juu ya kiti changu nikiwasikiliza.

3 Februari

Jean-Claude amejaribu kuunga waya kwa utepe wa umeme. Antena hiyo haitaki kuungwa, waya wake una kichwa chake maalumu. Mwingine utoke Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Paluku alitukusanya, akauliza nani amekata. Mvua ilikuwa inanyesha, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani alikuwa zamu?"

Kalaba akainua mkono mwenyewe, kama mwanafunzi.

"Ulikuwa wapi?"

Mzee akaniangalia. Nilijua atasema ghalani, chai, mwalimu. Nilikuwa nimeshapanga uongo wangu. Lakini hakusema. Nadhani alifikiri akitaja chai, na mimi nitafukuzwa kwa kumwondoa kazini. Akasema, "Mi nilijificha mvua, patron. Nilikosea."

Paluku alimpa siku hiyo hiyo barua ya kuondoka. Kalaba alifunga blanketi lake na sufuria, akaja kuniaga. "Bakia muzuri, Mwalimu. Mutoto wako Mungu atamuchunga." Kwake ni kilomita thelathini na moja kwa miguu. Nikamwambia asante mzee. Nikasema asante, na nikamwacha aende.

4 Februari

Princesse amekuja baada ya kuosha vyombo, na Biblia yake imefungwa katika mfuko wa plastiki. Yeye husoma kwa shida. Alitaka nimsomee ile zaburi ya shimoni, amsalie Kalaba aliye njiani katika mvua.

Nikachukua Biblia yake, nikatafuta 129. Maneno yalikuwa mengine. Nikageuza ukurasa. Ile ya shimoni ilikuwa pale, yote, na juu yake namba 130.

Nikaleta kitabu changu cha misa na Biblia yangu ya zamani ya Kikatoliki. 129. Nikatafuta ya mabawa: kwake 91, kwangu 90. Ya paa mwenye kiu: kwake 42, kwangu 41. Moja moja, zote zimepishana kwa namba moja. Na hapo nikakumbuka, kweli nikakumbuka, kwamba padri alitufundisha zamani, mimi nikiwa msichana, kwamba vitabu vya misa vinafuata hesabu ya kale na Waprotestanti wanafuata nyingine. Nilijua jambo hili. Nililijua miaka arobaini.

"Mwalimu, iko nini?" Princesse aliniuliza. Nilikuwa nimekaa chini sakafuni.

Hakuna aliyetuchezea. Jean-Claude aliniuliza kama naweza kukosea nikamtukana. Kama nisingekata waya juzi, leo ningeandika 130 na kumsikia mwanangu. Nilimsomea Princesse zaburi yake hadi mwisho, sauti ikaniishia mistari miwili kabla, akamalizia yeye kwa kubahatisha.

5 Februari

Mvua.

6 Februari

Mvua. Nilifika hadi mlango wa kontena ya Paluku niseme. Alikuwa anafoka na dereva. Nikarudi.

7 Februari

Lori lenye waya limezama kilomita 61. Wanakata matawi kulitoa.

8 Februari

Mvua. Sikusema.

9 Februari, Jumapili

Nimekwenda turubaini. Nimekaa nyuma kabisa. Paluku hakuhubiri. Alisimama, akafungua Biblia, akaifunga, akasema, "Tuombee bale beko Goma," kisha akapiga magoti katika matope na suruali yake ya kazi, watu wakapiga magoti wote. Kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba mtu huyu na mimi tunamngoja mtu mmoja mmoja kule kule. Bado simpendi. Anaomba kwa sauti kubwa mno.

11 Februari

Lori limetoka, limezama tena kilomita 70.

14 Februari

Dereva wa pikipiki anasema waasi wanaingia Bukavu. Nikasema moyoni, heri Rodrigue yuko Goma, kule walishaingia, yameshapita.

16 Februari, Jumapili

Waya umefika saa tano. Jean-Claude ameufunga. Patron alisoma zaburi mbele yetu, nami nilikuwepo, na nilipotafuta namba nilitafuta katika Biblia ya Princesse.

Simu ilifunguka ikaanza kulia mkononi mwangu, ujumbe juu ya ujumbe. Naandika hapa yale ya mwanangu kama yalivyo, na tarehe zake.

12 Januari: "Mama bonne année tena. Hauonekani. Réseau ya simu?"

26 Januari: "Mama kunapigwa sana. Niko muzima. Niko kwa mama Kahambu."

4 Februari: "Courant ya umeme ilirudi kidogo. Bale baliingia banachukua vijana. Mama Kahambu ananificha mu dépôt yake ya maharagi, nyuma ya mifuko. Usiogope."

6 Februari, kwa sauti, anaongea chini chini: "Mama, kuko gari inaenda Bukavu samedi, kesho kutwa. Nafasi moya inabakia. Mama Kahambu anasema nisiende, nibakie mu maharagi mpaka hii maneno itapoa. Mi ninachoka, mama. Niende ao nibakie? Sema neno moya tu."

8 Februari, saa mbili asubuhi: "Mama gari iko hapa. Ninangoya jibu yako."

8 Februari, saa tatu na nusu: "Sawa mama. Ninaenda."

13 Februari: "Niko Bukavu. Bantu banakimbia kila upande. Nitakupigia dimanche."

Dimanche ni leo. Nimempigia kuanzia saa sita. Simu yake imefungwa. Nimeandika: Rodrigue. Nimeandika: usiende. Nimeandika usiende kwa mtu aliyekwishakwenda siku nane zilizopita. Alama ni moja tu, ujumbe haujamfikia.

17 Februari

Bukavu yote imeshikwa. Simu yake imefungwa.

18 Februari

Nimeingia katika kontena ya Paluku bila hodi.

"Patron, niko na mutoto Goma. Alitoka Goma, alikwenda Bukavu. Simu yake imekufa. Weye uko na badereva kila mahali."

Aliweka kalamu chini. "Tangu lini uko na mutoto Goma?"

"Miaka mbili."

"Na ile siku ulikuja kuomba code?"

"Alikuwa kule."

"Kwa nini haukuniambia?"

Nikamwambia hakuniuliza. Akafungua mikono. "Mama, mi niko na bantu makumi ine hapa. Bibi wangu na batoto batatu beko Goma tangu Noeli, balikwenda kusalimia. Nilikuwa ninauliza nani?" Nilidhani anangoja ndugu tu kule, sikujua ni mke na watoto. Hakuna aliyejua, au mimi sikutaka kujua. "Ungesema mutoto, ningekupa simu yangu mwenyewe mu mukono."

Akachukua simu, akaanza kumpigia dereva wake wa Uvira, jirani na Bukavu. Ilikuwa inalia upande wa pili nikasema, "Kalaba hakukata waya. Nilikata mimi."

Aliniangalia. Simu ilikuwa inalia bado. Nilingoja anifukuze, na nasema kweli ningefurahi anifukuze, ingekuwa kitu cha kushika. Siku kumi na nne mkewe naye alikuwa anamtafuta na hakumpata, nilijua hilo wakati nasema. Upande wa pili mtu akajibu. Paluku akageuka, akasema, "Alphonse, andika jina hii ya kijana." Akaninyooshea kalamu nimwandikie. Nikaandika majina yote matatu ya mwanangu, kwa mwandiko wangu wa ubaoni.

Alipomaliza akafungua mlango, akamwita Jean-Claude achukue pikipiki amfuate Kalaba kwake. Kwangu akasema tu, "Enda ku magasin. Kuko mazut ya kutosha?" Hakunitazama tena, na leo hajanitazama.

20 Februari

Mke wa Paluku yuko hai na watoto. Princesse ndiye aliyeniambia.

Dereva wa Uvira hajaona mtu.

21 Februari

Kalaba amerudi. Kifua kinambana, anakohoa. Waashi wote wanajua, kambi nzima inajua. Nilimwekea kiti ghalani, akabaki amesimama nje. "Mi nilikuombea mutoto wako, Mwalimu," akasema. "Nitaendelea kumuombea." Kisha akaenda kwenye zamu yake. Ningependa anitukane.

22 Februari

Mvua imepungua. Nguzo ya tatu. Hakuna habari.

23 Februari, Jumapili

Asubuhi simu imelia, namba nisiyoijua, ujumbe wa sauti wa dakika moja na nusu. Sauti ya mwanamke mtu mzima, nyuma yake kuku. Nimeusikiliza mara tano hadi niweze kuuandika.

"Yambo mama Rodrigue. Mi ni Kahambu, mwenye nyumba ya Goma. Rodrigue aliniachia namba yako, alisema kitu ikitokea nikuite. Mama, mi sina habari yake tangu tarehe kumi na tatu, na roho inaniuma, njo nakuita. Nilimukataza. Nilimwambia baki, mifuko iko, chakula iko, hapa hakuna mutu atakuona. Samedi asubuhi alikaa na simu mu mukono mpaka saa tatu na nusu, nikamwambia uone, mama yako hajajibu, usiende bila neno yake. Akacheka. Akasema, mama Kahambu, haumuyue mama yangu. Akikataa anapiga kelele, majirani bote banasikia. Akinyamaza, amekubali. Njo akapanda gari. Mama, mi sikulaumu, we ni mama yake, ulifikiri muzuri. Ninataka tu unieleze, kwa nini ulimukubalia?"

Nilitoka nje nikasimama karibu na mto. Watu walikuwa turubaini, wanaimba. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanamke yule: kwamba mtandao, kwamba mvua, kwamba lori lilizama mara mbili. Yote ni kweli na angeyaamini.

Nimebonyeza nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi sikuitambua. Nimemwambia: Mama Kahambu, sikumkubalia. Nilikata waya kwa mkono wangu.